Betri Chini ya Kitanda

Betri ilikuwa bado mikononi mwa Ngui wakati injini ilipoanza kutetemeka.

Alisimama katikati ya yadi, nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, harufu ya asidi ikimpanda puani. Ilikuwa mwisho wa Julai, mwaka wa tisini na moja, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelalia mabati. Boneti ilikuwa wazi. Waya mbili za betri zilining'inia bila kazi. Na bado, ndani ya kile chuma kilicholala usiku kucha, kitu kililia krr-krr-krr, kikanyamaza, kikalia tena, kikavu, cha haraka, kama meno yanayogongana.

Kisha kimya. Ngui aliweka betri mahali pake, akafunga waya, akawasha. Injini ililia vilevile kwa muda wa pumzi saba, halafu ikatulia na kunguruma vizuri. Akazima. Alijua kwamba alipaswa kuogopa. Aliungoja woga. Haukuja, akaenda kunywa chai.

Gari lilikuwa la Mwalimu Ramila, mjane wa Kitisuru. Alilileta Jumatatu, shali imemfunika hadi masikioni.

"Fundi Ngui, mafundi watatu wameshindwa. Wamebadilisha cheni, wamebadilisha valvu. Mmoja aliniambia nibadilishe masikio."

"Inalia saa ngapi?"

"Asubuhi tu, ikiwa baridi. Ikishapata moto, kimya kabisa. Na haikuwa hivi mume wangu akiwa hai." Alicheka kidogo. "Navin alikuwa anaamka alfajiri kila siku, anaiwasha, anakaa ndani nusu saa. Haendi popote! Nikimuuliza, anasema anaipasha moto. Mimi naiwasha nikienda shule, basi."

"Iache hapa, Mwalimu. Kelele ya baridi haisikiki mchana. Lazima ilale kwangu, ipoe kabisa, niisikilize kabla haijaguswa."

"Ilale hata wiki. Bora irudi na adabu."

Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa, na Ngui alisifika kwayo mpaka Muthangari. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, na mpini wake wa mbao kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, akakutajia chuma kinachoumwa. Siku tatu aliliacha gari lipoe, akiliwasha mara moja tu kila alfajiri. Jioni, kwa sababu ya wezi, alifungua betri, akaibeba hadi chumba chao nyuma ya gereji na kuisukuma chini ya kitanda. Hakukuwa na fundi pale Corner ambaye hakufanya hivyo.

Juu ya kitanda hicho alilala yeye na Nzembi, mke wake. Mtoto wao wa pekee, Mwende, walimzika Machakos mwezi wa Aprili. Nzembi alilia mpaka sauti ikamkauka. Ngui alishika koleo, akafukia, akarudi Nairobi, akafungua gereji. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Hakuwa amevumilia kitu; machozi hayakuwepo tu. Aliyebaki naye duniani ni Nzembi, na hilo alilijua kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake.

Jumatano usiku ulipokuwa unaisha, Nzembi alimgusa bega.

"Baba Mwende," alinong'ona, "umefungua dirisha?"

"Hapana."

"Nasikia baridi inatoka chini. Inanipanda miguu."

"Ongeza blanketi."

Kulipopambazuka Alhamisi, Ngui alifunga betri, akawasha. Hakuna mlio. Injini iliamka laini, tangu mwanzo hadi mwisho, na yeye hakuwa amegusa hata skrubu moja. Imepona, alijiambia. Aliporudi ndani alimkuta Nzembi amekumbatia kikombe kwa mikono miwili, na chai iliyotoka jikoni ikifuka mvuke ilikuwa imepoa kabla hajaifikisha mdomoni. Walikwenda zahanati. Damu haikuwa na malaria. Jioni aliibeba betri kama kawaida.

Ijumaa alfajiri aliamshwa na harufu ya oili iliyolala, ile harufu ya chini ya injini ambayo hakuwahi kuisikia kitandani, na pamoja nayo mlio, krr-krr-krr, akadhani kwa muda kwamba yuko yadini, mpaka alipotambua kwamba mlio unatoka kwenye mto, kwamba ni meno ya mke wake, kwamba macho yake yako wazi wala hayamwoni, na kwamba pumzi yake haitoi tena mvuke, ingawa pumzi ya Ngui mwenyewe ilisimama nyeupe mbele ya uso wake.

Hakujua kuomba. Alijua kusikiliza. Alichukua bisibisi, akaizungushia ncha kitambaa, akaigusisha kifuani mwa Nzembi, na mpini akauweka nyuma ya sikio.

Aliusikia moyo, mbali. Karibu zaidi, akasikia sauti.

"Fundi, mbona ulizima?"

"Wewe nani?"

"Nasikia baridi. Yule mzee alinipasha moto kila alfajiri, nikakaa kwenye chuma, sikumgusa mtu. Mkewe naye aliniwashia. Wewe umeniacha nipoe, nikaifuata betri hadi kitandani."

"Toka kwake," Ngui alinong'ona. "Ingia kwangu."

"Kwako nilianza, fundi. Nilikaa usiku mzima." Sauti ilisema kwa upole, kama mgeni anayeeleza kwa nini hakulala. "Hakuna moto."

Kitambaa kilikuwa kimeganda kwenye ncha ya bisibisi.

"Nirudishe kwenye chuma. Moto, kila alfajiri. Ukikosekana, nitautafuta kwa aliye karibu."

Ngui aliivuta betri kutoka chini ya kitanda, akatoka miguu mitupu, akaifunga, akawasha, akaketi nyuma ya usukani, akakanyaga mafuta, mkono wake juu ya dashibodi. Kwa muda mrefu injini ilinguruma bila doa. Kisha ikashtuka, krr-krr-krr, kama mtu aliyeingia ndani kutoka kwenye mvua, ikatulia. Nyuma ya ukuta Nzembi alikohoa, akaomba maji.

Mwalimu Ramila alikuja Jumamosi adhuhuri, na Ngui alikuwa ameipasha injini tangu alfajiri.

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Oili tu, Mwalimu. Ilikuwa inachelewa kupanda."

"Oili! Mafundi watatu!" Alipiga makofi. "Basi, shule zimefungwa jana. Mimi na hii gari tunalala mpaka saa tatu, mwezi mzima. Ama kuna ubaya?"

Maneno yalikuwepo, machache, mepesi: kila alfajiri, usikose. Lakini kuyasema kungetaka kuyaeleza, na Ngui alitafuta ndani yake kitu cha kumsukuma aanze, hakukipata.

"Pumzika, Mwalimu," alisema.

Jumanne Nzembi aliweza kusimama na kutoka hadi mlangoni. Aliitazama yadi.

"Ile gari iko wapi?"

"Imechukuliwa."

"Na umemwambia yule mama? Baba Mwende, mimi nilikisikia kile kilichokuwa kifuani mwangu. Nilisikia yote mliyoongea."

"Nilimwambia apumzike."

Nzembi alivaa sweta, akachukua pochi yake, akaenda Kitisuru. Alirudi magharibi ikiingia, akabaki amesimama mlangoni, mikono imebana kwapani.

"Gari hailii," alisema polepole. "Nimemkuta amevaa makoti mawili na blanketi juu. Anakusifu. Anasema wewe ni fundi wa mafundi. Lakini meno, Ngui, meno yake..." Alitikisa kichwa. "Akanyoosha mkono. Akaniuliza kama nina joto kidogo la kumpa. Nilikimbia. Nilimwacha pale, nikakimbia."

Ngui alikuwa anaosha mikono kwa sabuni ya unga. Alisafisha kucha moja moja.

"Sema kitu," Nzembi alisema. "Sema hata kitu kimoja."

Aliikausha mikono, akavuta kiti, akaketi mezani.

"Ugali uko tayari?" aliuliza.