Tundu Chini ya Mstari wa Maji

"Mama amefika sokoni?"

Sauti ya Hezron, mkuu wake wa upelelezi, ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya maharage, ndani ya sikio la Lusungu, chini ya kilemba.

"Amefika," alinong'ona kwa fumbo walilopanga; "mama" alikuwa yeye mwenyewe. "Na amefungiwa dukani."

"Wangapi nje?"

"Watatu. Bunduki mbili."

Banda lilikuwa Kyimo, katikati ya migomba. Ndani, juu ya trela, boti ya faiba ya mita saba ilisubiri kuvutwa hadi Ziwa Nyasa. Chini ya sakafu yake kulikuwa na katoni mia tatu za dawa za malaria.

Zote bandia. Chokaa tupu.

"Sikiliza," Hezron alisema. "Mpokeaji kutoka ng'ambo atajitokeza boti ikigusa maji. Tunamtaka yeye. Ila hatuna boti ya kumfukuza. Wakishaondoka ufukoni, wamekwenda."

"Kwa hiyo iguse maji, isiondoke."

"Umeelewa."

Lusungu aliingia asubuhi kama fundi wa pampu. Walimpekua na kuchukua simu. Wakamwachia drili ya Makita.

Kosa lao la kwanza.

Ndani alimkuta Mzee Lazaro, fundi boti wa Kyela. Ilikuwa siku yake ya tisa kufungiwa humo bila kuona jua. Mjukuu wake alikufa kwa malaria mwaka jana, akiwa amemaliza dozi yote. Alimsimulia Lusungu huku akipaka silikoni, bila kuinua macho.

Mlango ulifunguliwa. Gwakisa, mwenye mzigo, aliingia, koti likichuruzika mvua.

"Bado tu? Katoni zimeikalia pampu ya zamani, nataka hii ya ziada ifanye kazi. Tundu la kutolea maji mnaweka wapi?"

Lazaro alionyesha juu ya ubavu. "Hapa. Ziwa lisipofika."

"Juu?" Gwakisa alicheka. "Mzee, mimi nimeezeka nusu ya Tukuyu. Nyumba ngapi zinavuja kwangu? Hakuna! Maji yanashuka, hayapandi. Toboa chini kabisa."

"Bosi, boti siyo paa la..."

"Chini!" Akageuka mlangoni. "Na mkimaliza, mnasafiri nasi. Kule katikati kina ni kirefu. Hakuna atakayewasumbua."

Komeo la nje liligonga.

Lazaro aliketi juu ya tairi.

"Miaka arobaini, mwanangu. Sijawahi kutoboa chini ya mstari wa maji. Siwezi."

Lusungu alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unanisalimu tena?"

"Kwa sababu nakuomba kitu kikubwa. Leo, mara moja tu, fanya kazi mbaya."

Mzee alimtazama. Akatazama katoni. Midomo ikamcheza.

Akaichukua drili.

Msumeno wa duara wa inchi mbili, uliofungwa kwenye drili, ulikata faiba. Konekta ya shaba ikaingia, silikoni ikazunguka, mpira wa pampu ukavalishwa. Lusungu hakuikaza klipu ya mpira. Msukosuko mmoja wa wimbi, nao mpira ungechomoka, ziwa likaingia kupitia tundu.

Kisha akaupeleka msumeno kwenye mlango wa nyuma, jirani na komeo.

Drili ilinguruma tena.

"Nyie!" Gwakisa alipaza sauti kutoka mbele. "Si nilisema tundu moja? La pili la nini?"

"La waya, bosi!"

"Harakisheni!"

Mvua ikaanza kupungua juu ya bati.

Kila tone lililokoma liliwavua sehemu ya maficho.

Mbao ikaachia. Lusungu alipenyeza bisibisi, akatafuta chuma. Ikateleza. Akatafuta tena. Jasho likamwingia jichoni.

Land Cruiser ikaunguruma mbele ya banda.

Komeo la nyuma likasogea.

Migomba ikawameza.

Wakiwa wamelala kwenye tope, walimsikia Gwakisa akitukana. Kisha swichi ikabonyezwa, na pampu ikalia vizuri.

"Si inafanya kazi? Waacheni! Mzigo una saa yake. Vuta!"

Saa kumi na moja jioni walikuwa wameketi kwenye kibanda cha wachuma chai, wakila ndizi za kuchoma. Sikio la Lusungu likaamka.

"Imekwenda hatua hamsini," Hezron alisema, akijizuia kucheka. "Imekalia mchanga, injini imekunywa maji. Mpokeaji amenaswa akiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Gwakisa bado anauliza maji yamepandaje."

Lazaro alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika muda mrefu.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema mwishowe. Asante sana.

"Ripoti inataka jina la fundi aliyetoboa," Hezron aliongeza.

Mzee alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Usiandike langu! Kyela watanicheka hadi kaburini."

Lusungu alisimama, akafuta tope magotini.

"Andika langu. Fundi mbaya."

Akachomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni. Akamshika mzee mkono, na wote wawili wakashuka polepole katikati ya chai, kuelekea barabarani.