Msiendelee Bila Mimi

Kiti cha Chaji kilibonyea saa tisa alasiri, jua linawaka nje, na hakuna mtu aliyekikalia.

Fundi Friji ndiye aliyekiona kwanza, akajifanya hajakiona. Akachanganya karata, akagawa.

"We Fundi, umegawa mafungu manne tena," Kinyozi akanong'ona. "Tuko watatu."

"Mkono umezoea."

Mazoea yenyewe yalikuwa ya miaka kumi na moja. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi na Jumapili, marafiki wanne walijifungia sebuleni kwa Fundi, pazia zimeshushwa, wakicheza karata na kutazama filamu mpaka macho yawe mekundu. Fundi mwenyewe, mtengeneza mafriji. Kinyozi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Mwalimu wa chekechea. Na kaka yake Mwalimu, waliyembatiza Chaji kwa sababu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuulizia chaja. Sheria zao zilikuwa mbili tu. Anayeshindwa karata ndiye anayekwenda dukani. Na mtu akitoka, filamu inasimamishwa, haiendelei hata sekunde moja mpaka arudi.

Miezi mitatu nyuma, Chaji alishindwa. Akavaa kandambili, akageuka mlangoni. "Msiendelee bila mimi!"

"Hatuendelei!" wakamjibu kwa pamoja, wala hawakuinua macho. Masikini, wangejua wangemtazama vizuri. Lori lilimkuta amekumbatia mkate, na kandambili yake moja haijaonekana mpaka leo.

Tangu siku ile filamu ilibaki pale pale, mwanamume wa kwenye skrini ameshika kitasa cha mlango. Fundi hakuruhusu mtu aiguse. Wenzake walidhani ni majonzi tu, wakamwacha. Hawakujua kwamba aliyeshindwa siku ile alikuwa yeye. Mkononi alibakiwa na saba ya shupaza, akaifutika chini ya mto wa kochi, kushindwa kukamwangukia Chaji, basi tu, kwa uvivu wa kunyanyuka. Uvivu, jamani! Alilibeba jambo hilo moyoni kimyakimya, hakumwambia mtu, na lilimla mpaka suruali zikamvuka kiunoni.

Kisha ikaanza harufu ya mkate wa moto, katika nyumba isiyo na mkate. Zikafuata hatua za kandambili moja ukumbini. Pwata. Kimya. Pwata. Na mwezi uliopita Mwalimu alisikia akiitwa kwa jina alilozoea kuitwa na kaka yake, "Kadogo, njoo unipokee," akanyanyuka, akatoka, na Kinyozi akamkuta katikati ya barabara, akamvuta kwa gauni huku lori likipita na honi yake.

Ndipo wakamwita mganga, mama mmoja wa makamo asiyetaka maneno mengi. Alinusa sebule, akatazama skrini, akasonya.

"Huyu si ndugu yenu. Ni jini wa barabarani. Ninyi mmeahidi kumsubiri mtu asiyeweza kurudi, na kiti mmemwekea. Amekuja mwingine kukikalia."

"Tufanye nini?" Mwalimu aliuliza.

"Jumamosi endeleeni bila yeye. Filamu iishe. Atawaita, atalia, msimjibu. Mkiisimamisha tena, huyu binti anaondoka naye."

Sasa Jumamosi yenyewe ndiyo hii, na wao wanagawa karata. Mwalimu akazikusanya zote, akaziweka chini.

"Tuianze."

"Nitaonekana namfukuza," Fundi akasema.

"Kaka, mimi ndiye niliyezaliwa naye. Kama mimi naweza, na wewe utaweza." Akachukua rimoti, akabonyeza, kisha akaikalia.

Mwanamume wa kwenye skrini akafungua mlango.

Mwanzo hakikusikika kitu. Kisha harufu ya mkate ikajaa chumbani mpaka ikawakaba koo, na chini yake kukawa na harufu nyingine, ya dizeli na vumbi lililolowa, na kule ukumbini pwata, kimya, pwata, hatua zikaja polepole, zikapita nyuma ya kochi lao karibu kabisa, hata Fundi akahisi ubaridi kwenye kisogo kama wa friji iliyofunguliwa, zikafika kwenye kiti, na kiti kikabonyea zaidi, kikatoa mlio wake uleule wa miaka yote, wa mtu mzito aliyechoka anayejitupa akae na rafiki zake.

"Jamani," sauti ya Chaji ikasema kwa unyonge. "Mmeanza?"

Kinyozi akaziba masikio.

"Kadogo. Nina baridi, mdogo wangu. Mwambie mama nina baridi."

Mwalimu aliuma mtandio wake, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, lakini hakuinuka juu ya ile rimoti. Filamu ilikuwa imebakiza dakika mbili.

"Fundi," sauti ikasema, sasa karibu na sikio lake. "Ndugu yangu. Simamisha kidogo tu, nikwambie."

Fundi alijishika magoti. Alitaka kusimamisha, Mungu anajua alivyotaka. Alitaka aingize mkono chini ya yule binti ainyakue rimoti, aizuie ile filamu isiishe leo wala kesho, akae na sauti ile hata kama ni ya jini, kwa sababu hakuna tena sauti nyingine duniani iliyobaki ya kumwambia kitu alichokuwa akikingoja.

"Nilikuona, Fundi. Nilikuona ulivyoificha ile karata. Nikaenda tu. Na mimi nime..."

Skrini ikawa nyeusi. Filamu imekwisha.

Kiti kikainuka taratibu, kikawa sawa. Harufu ikatoweka. Nje gari likapita, gari la kawaida tu, na Kinyozi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Ameondoka! Jamani, ameondoka!"

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, anakipapasa.

"Nime nini?" alikiuliza. "Nime nini, ndugu yangu? Malizia!"

Nyuma yake Mwalimu alisimama polepole, rimoti mkononi, uso bado umelowa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kaka," akasema. "Karata gani?"