Kisu Kilicholala Tumboni kwa Khalfani

Alasiri ile Isihaka alifunga mapema duka lake la vipuri vya pikipiki pale Mlandizi, akawasha pikipiki yake na kushika njia ya Mzenga. Alikuwa anakwenda kumringia mtu. Hakuna haja ya kumsitiri: safari yenyewe ilikuwa ya kuringa tu.

Mtu mwenyewe alikuwa Khalfani, rafiki yake wa tangu ujana, mkulima wa machungwa upande wa Kisarawe. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Wote wawili walikusanya visu vya kukunja, vile vya kizamani vyenye mipini ya mpingo au pembe, na haikupita siku mmoja wao akatoka nyumbani bila kisu. Wenzao walitembea na simu mbili. Wao walitembea na visu viwili. Isihaka alikuwa navyo vingi zaidi, amevipanga kwenye sanduku la bati, kila kimoja kimepakwa mafuta. Lakini Khalfani alikuwa na kile.

Kile kilikuwa na mpini wa mpingo uliolainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa, na pete ya shaba shingoni. Khalfani alimenya nacho chungwa mpaka ganda likatoka zima, refu, halijakatika popote, kisha akakikunja. Tak. Mlio huo ulimuuma Isihaka kama jino bovu. Tena Khalfani hakukitia mfukoni kama watu. Alikichomeka kwenye pindo la msuli, kikagusa ngozi ya tumbo, na hakumpa mtu akishike hata kidogo.

"Niuzie."

"Hapana."

"Basi tubadilishane. Chagua viwili kwenye sanduku langu."

"Ndugu yangu, chukua chochote ndani ya nyumba hii. Hiki hapana."

Aliyasema hayo huku akitazama pembeni, na Isihaka akaona ni maringo. Urafiki ukabaki mdomoni. Moyoni kijicho kikaota mizizi. Mwisho akaenda kwa mhunzi akachongesha pacha wake: mpingo uleule, pete ileile. Akakisugua kwa majivu na mafuta mpaka kikaonekana mzee. Ndicho alichokuwa nacho mfukoni jioni hii. Angekitoa, angemenya chungwa polepole, kisha angemtazama Khalfani usoni. Chako si peke yake tena, bwana.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Alikuta mikeka imetandikwa uani na wanaume wamekaa kimya, kofia kichwani.

Khalfani alikuwa amefariki adhuhuri.

Isihaka alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini katikati ya kilio, roho yake ikamuuliza swali la aibu. Kile kisu atakichukua nani?

Mazishi yaliahirishwa mpaka asubuhi, kwa kuwa kaka wa marehemu alikuwa njiani kutoka Tabora. Adhana ya magharibi ilipolia, Zaidi, shemeji wa marehemu, alikuja kumgusa bega.

"Kaka Isihaka, kaa naye kidogo. Maiti haachwi peke yake. Tukitoka kuswali, nawe utaswali."

Akaingia. Chumba kilinuka udi na kafuri. Balbu ilikuwa hafifu, inatetemeka. Khalfani alikuwa kitandani, amefunikwa shuka jeupe toka kichwani mpaka miguuni, na juu ya shuka, katikati ya tumbo, kilikuwa kimelala kile kisu.

Desturi ya huko ndiyo hiyo. Maiti akisubiri kuoshwa huwekewa chuma tumboni ili asivimbe. Wengine huweka panga, wengine ufunguo mkubwa. Khalfani aliwekewa kisu chake.

Nje walikuwa wamekwisha kufunga swala. Hapakuwa na jicho la mtu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Isihaka akainama.

Kisu kilikuwa na joto... joto la kitu kilichotoka mwilini mwa mtu sasa hivi. Akakichomeka kiunoni, akaweka kile cha bandia mahali pake, akarudi kukaa kwenye mkeka.

Na hapo shuka likaanza kupanda.

Taratibu... kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Tumbo la Khalfani lilipanda, likazidi kupanda, mpaka kisu cha bandia kikaanza kuteleza upande. Udi haukunuka tena. Chumba kizima kilinuka chungwa. Chungwa lililomenywa sasa hivi.

Kisha chini ya shuka mtu akashusha pumzi.

"Haaaaa..."

Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Tumbo likashuka, likatulia, kana kwamba halikupanda kamwe.

Tak.

Mlio huo ulitoka kiunoni kwa Isihaka.

Wenzake walipotoka kuswali walimkuta ameganda ukutani, wakasema ni majonzi. Asubuhi, woga ulimzidi. Kabla jeneza halijatoka, alikificha kisu chini ya siti ya pikipiki, kisha akafuatana na watu kwenda makaburini. Hawajafika mbali, mkanda ukaanza kumbana. Walipofika kaburini, kifungo cha shati kiliruka, na tumbo lilikuwa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Alisimama akihema, akimtazama Zaidi akiingia kaburini, akitoa kile kisu cha bandia na kukilaza juu ya sanda, tumboni.

Shehe alikunja uso. "Hiki cha nini?"

"Wasia wake, shehe," Zaidi akanong'ona.

Isihaka hakungoja mchanga. Alisingizia tumbo, wala hakuwa mwongo, akarudi mbio mpaka kwenye pikipiki, akakichopoa kisu na kukigandamiza kwenye ngozi. Tumbo likaanza kushuka, polepole, mpaka mkanda ukalegea.

"Haaaaa..."

Aliisikia pumzi yake mwenyewe. Akaitambua.

Alipokwenda kumuaga mjane, Mwanahalima alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia, kwa kuwa alikuwa ameingia eda.

"Pole sana, shemeji."

"Nimeshapoa, shemeji. Leo nimeshukuru Mungu." Sauti ilikuwa chini, kana kwamba anaogopa ukuta usisikie. "Kile kisu... Khalfani alikitoa tumboni kwa maiti ya mjomba wake. Ujana na tamaa. Tangu siku hiyo hakuweza kukiweka chini. Akikiweka, tumbo linapanda. Amelala nacho miaka yote niliyokaa naye."

Mkono wa Isihaka ulikuwa ndani ya shati.

"Ulipokuwa ukikiomba, ukiondoka tu anaingia chumbani analia. Ananiambia, Isihaka anadhani namnyima. Akaacha wasia azikwe nacho. Alisema kikifukiwa pamoja na mtu wake, kimekwisha." Akasogea karibu na pazia. "Wamekizika, siyo shemeji? Umekiona kwa macho yako?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Kaburi lilikuwa bado bichi na majembe hayajaoshwa. Lakini atasemaje kwamba amemwibia maiti, tena rafiki yake, watu wakiwa kwenye swala?

"Nimekiona, shemeji."

Mpaka leo Isihaka yuko Mlandizi, na duka linafunguliwa kila siku. Usiku analala chali, kisu juu ya kitovu. Mkewe aliuliza mwanzoni. Siku hizi anamgeuzia mgongo tu.

Jumamosi hukaa na vijana wapenda visu mbele ya duka, wakila machungwa. Mmoja wao, Hashiru, kijana wa Kongowe mwenye visu vizuri kwelikweli, hana habari na visu vyake. Humtazama Isihaka anavyomenya, ganda linatoka zima, kisha humwona akikirudisha ndani ya shati.

"Kaka, niuzie hicho."

"Hiki hapana, mdogo wangu. Chagua kingine chochote."

Isihaka husema hivyo akitazama pembeni. Anajiambia anamhurumia kijana, kama yeye alivyohurumiwa. Lakini Hashiru akinyoosha mkono ili angalau akiguse, roho ya Isihaka huwaka, vidole hubana mpini, na hataki kabisa kitu chake kishikwe na mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita Hashiru alikuja na kisu kipya. Mpini wa mpingo, pete ya shaba.

"Nimechongesha kwa mhunzi, kaka," alisema, akitabasamu. "Hebu kitazame. Si kama chako?"