Viganja Kwenye Umande

Rafiki yangu mshonaji si mtu wa kutunga mambo, na kisa hiki alinisimulia mara moja tu. Alfajiri ile yeye na mumewe walikuwa wanawahisha gauni la bibi harusi. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata pua yako, na gari likawazimikia njiani.

"Betri imekufa," mume akasema. "Tia gia ya pili, mimi nasukuma."

Gari likaanza kujikokota. Kwenye usukani, rafiki yangu alisikia nyuma mtu anahema na viatu vikikwaruza lami. Kisha likawa jepesi, likashika kasi, hata barabara ilipoanza kupanda.

"Taratibu, baba watoto," akasema. "Utajiumiza."

Simu ikalia. Alikuwa mumewe.

"Mama watoto, mbona unaniacha? Nimeanguka kitambo, niko huku chini darajani."

Nyuma ya gari, kuhema kuliendelea. Akaachia klachi, injini ikanguruma, na kule nyuma kukawa kimya.

Mumewe alifika akichechemea. Wakamulika buti la gari kwa tochi ya simu. Kwenye umande kulikuwa na alama za viganja sita. Mbili zilikuwa za mumewe. Nne zilikuwa ndogo, zote za mkono wa kulia.