Aliyeonja Kwanza

Kama una chakula mbele yako, kimalize kwanza ndipo usome, maana kisa hiki kina mate ndani yake.

Siku ya kwanza kule kisiwani, Benedicta alimaliza kunawa mikono, akageukia meza na kukuta sahani yake imeshaguswa. Ugali ulikuwa umemegwa pembeni, tonge moja tu, na mkia wa samaki ulikuwa umeng'atwa, alama za meno bado zimelowa. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alitabasamu. Kwao Kalenga anayekukaribisha huonja kwanza, iwe pombe ya ulanzi au mchuzi, ili mgeni ajue hamna ubaya ndani yake.

"Danieli, huyu mpishi kafundwa," alimwambia mumewe.

"Kafundwa kweli," alijibu Danieli, mwalimu wa shule moja ya Ipogolo, mtu wa kuridhika haraka. Sahani yake yeye ilikuwa nzima, wala hakujiuliza kwa nini.

Walikuja kupumzika. Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, katikati ya bwawa la Mtera: vibanda vitatu vya nyasi, mipapai, upepo wa maji na joto la kumlaza mtu mchana kutwa. Benedicta alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kabla ya hiyo zilitoka, na daktari alimwambia ale vizuri, alale, asibebe hata ndoo. Kwa hiyo alikula. Alikula kama mtu aliyepewa kazi, na kila tonge alilomeza alijiambia ni la mtoto.

Basi akavila na vilivyoonjwa. Siku ya pili papai lilikuwa na tundu la mdomo, na uzi wa mate ulitoka kwenye tundu hilo mpaka ukingoni mwa sahani. Aliisukuma sahani kando. Akajilaumu kwa deko za mimba, akaufuta ule uzi kwa kidole, akala. Jioni uji ulikuwa na utando juu, na harufu ya kinywa cha mgonjwa ambaye hajapiga mswaki wiki nzima. Akaunywa wote. Mate ya ndugu yako tu yanatia kinyaa, msomaji. Haya ya nani sijui, yeye aliyanywa na kushukuru.

Siku ya tatu mchana waliletewa kambale wa kuchemsha. Benedicta alipotoka kunawa, tumbo la samaki lilikuwa limefyonzwa, na miba yake imebaki myeupe, ina joto. Danieli akamwita mpishi, mama mmoja mnene aitwaye Verediana, ampongeze.

"Mama, asante sana kwa heshima hii ya kumwonjea mke wangu."

Verediana alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. Aliitazama ile sahani, uso ukamshuka. "Kumwonjea nani, mwalimu?"

"Si huwa unaonja kwanza?"

"Mimi ni Msabato. Kambale hana magamba, simli, hata mchuzi wake siulambi." Akashusha sauti. "Na hiyo sahani nimeifunua hapahapa, mkiwa mnanawa. Ilikuwa nzima. Haki ya Mungu, ilikuwa nzima."

Na saa nane ile ya mchana, jua kali nje na bata maji wakilia kwa mbali, wote watatu wakasikia mtu anafyonza, polepole, kwa uchu, kama mtoto anayefyonza mfupa wa supu akiogopa kunyang'anywa, na sauti ile haikutoka jikoni wala mlangoni wala chini ya meza, ilikuwa palepale walipoketi, kisha harufu ya kinywa kigonjwa ikapanda na kujaa kibanda kizima, na Benedicta akaona mate yanatiririka mkononi mwake, mazito, ya moto, wakati kinywa chake mwenyewe kilikuwa kikavu.

Hawakufungasha hata nguo. Waliondoka na mtumbwi saa ileile, wakadaka basi ng'ambo, na kabla jua halijazama walikuwa Kalenga kwa Bibi Damari. Bibi huyu ni mkunga, na Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani. Siku nyingine huwapunga watu waliopandwa na majini, na mchungaji akimuuliza husema ni dawa ya tumbo.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Bibi."

Alisikiliza yote bila kumkatiza. "Ulikula vilivyoonjwa?"

"Nilijua ni heshima, Bibi."

"Ni heshima, ndiyo. Lakini anayeonja huonekana."

Akampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaweka beseni. Benedicta alitapika mpaka machozi yakamtoka. Danieli aliyekuwa amemshika mabega akachungulia ndani, na nusura naye atapike. Humo mlikuwa na tonge la ugali, zima. Mkia wa samaki. Kipande cha papai, mviringo kama mdomo. Nyama ya tumbo la kambale. Vyote vilikuwa na alama za meno madogo, havikutafunwa, vimefungwa katika mate mazito yaliyovutika kama ute wa bamia.

"Hivi mimi sikuvila," alinong'ona Benedicta. "Hivi ndivyo vilivyokosekana kwenye sahani. Bibi, nani kavimeza?"

Damari alipiga magoti, akaweka sikio juu ya tumbo la Benedicta, akatulia hapo kwa muda mrefu mno.

"Mtoto yupo? Niambie hilo tu, Bibi. Yupo?"

"Yupo. Moyo unapiga."

Benedicta akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia mumewe. Bibi Damari aliinuka taratibu. Sikio lake lilikuwa limelowa, na alilifuta kwa pindo la kanga, akalifuta tena.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "hospitali waliwaambia watoto wangapi?"

"Mmoja, Bibi. Tulionyeshwa picha."

"Humo wako wawili. Na mmoja anamwonja mwenzake."