Maji ya Ijumaa

Ijumaa ile ilianza kama Ijumaa zetu zote. Shangazi aliacha mlango wazi, kama amri ya mfalme ilivyotutaka sisi Waislamu tuliobatizwa kwa nguvu, ili kila mpita njia aone kwamba hatuswali wala hatuogi josho la Ijumaa. Kizingitini alitundika kipande cha nyama ya nguruwe ambacho hakuna aliyekionja tangu tukinunue. Kanisani jina lake lilikuwa Mencía. Ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, alikuwa Umalfata.

Siku tisa nyuma tulikuwa tumefiwa na mama yake, bibi yangu Nuzaya. Akikata roho alimshika shangazi mkono. "Nioshe, mwanangu. Unilaze ubavu wa kulia. Usiniache niende kwa Mola wangu na uchafu." Shangazi akaapa. Lakini Ginés, mtunza kanisa, alikuwa na pua ya kunusia misiba. Alibisha hodi maji yakiwa bado motoni. Kuosha maiti kwa desturi yetu kulitosha kumfanya mtu achomwe moto. Shangazi akaogopa, akayamwaga. Bibi akachukuliwa vilevile, akazikwa chali, msalaba kifuani.

Basi Ijumaa hiyo tulikuwa tunamenya lozi, mchana kweupe. Nikasikia maji yakimiminwa nyuma yetu, taratibu. Tukageuka. Mtungi niliojaza asubuhi ulikuwa mtupu. Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi tulilokuwa tumemlazia bibi tumwoshe kulikuwa na nyayo za maji, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Bibi alikatwa kidole hicho na shoka kabla sijazaliwa.

"Futa," shangazi akaninong'oneza. "Futa, Ginés asione."

Nikafuta. Zikarudi. Nikafuta kwa gauni langu mwenyewe. Zikarudi.

Ijumaa iliyofuata Ginés akatukuta na tambara mkononi. Akaegemea mlango.

"We Mencía! Maji yote haya, mnamtawadhisha nani?"

"Mtungi unavuja, Ginés."

"Unavuja, tena siku ya Ijumaa? Looo, mtungi mcha Mungu huo!" Akacheka, kisha akaacha. "Ijumaa ijayo nakuja na padri. Tutaukagua wote."

Wiki ile shangazi hakula. Lakini Ijumaa yenyewe ilipofika aliamka mtulivu, akachemsha maji, akatandika shuka jeupe juu ya benchi. Mlango ulikuwa wazi.

"Shangazi, una wazimu? Wanakuja!"

"Mama amekuja kabla yao," akasema. "Leo simkimbii."

Akamimina.

Maji hayakufika kwenye shuka. Yaliishia hewani. Yakafuata bega. Yakafuata kiuno. Yakachora mtu mdogo aliyelala ubavu wa kulia. Na hapakuwa na mtu. Nilijikojolea, sioni haya kusema.

Ginés na padri wakatokea mlangoni. Shangazi hakugeuka. Alikuwa akilia na kuosha, akiosha na kulia, "Nisamehe, mama, nisamehe." Maji yakatiririka juu ya shavu lisiloonekana. Padri akapiga ishara ya msalaba. Wakaondoka kinyumenyume, na hawakulisimulia jambo lile kwa mtu, si siku ile wala baadaye. Nyayo zikakoma.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Msimu huu wa baridi shangazi naye aliugua. Akikata roho alinishika mkono, akaniomba maneno yaleyale, na mimi nikaapa. Mimi, niliyeona kila kitu! Ginés alishakufa, lakini mtunza kanisa mpya ni kijana mwenye bidii, na alibisha hodi maji yangu yakiwa bado motoni. Niliyamwaga kwa mkono huuhuu. Walimchukua vilevile alivyokuwa.

Leo ni Ijumaa ya kwanza tangu tumzike. Mlango nimeuacha wazi. Mtungi niliujaza alfajiri, na sasa ni mtupu.

Sakafuni kuna nyayo za watu wawili. Za mmoja zina vidole vyote, nazo zimekwenda moja kwa moja hadi kwenye benchi, zikaishia hapo.

Za pili hazina kidole gumba mguu wa kushoto. Hizo hazikwenda kwenye benchi. Zimekuja hadi hapa nilipokaa, zimesimama mbele yangu, na hazikauki.