Nusu Kidonge cha Mama Bulonza

Jumatano, saa moja na dakika kumi asubuhi, Albina alimkuta Mama Bulonza sakafuni jikoni, meno yamekazana, mwili ukirukaruka kama kuku aliyechinjwa. Albina, Mtanzania anayehudumia wagonjwa majumbani katika mtaa wa Iroquois, jijini Louisville, aliita ambulansi.

Miaka tisa mama huyo aliishi kwa vidonge vya usingizi. Sasa daktari alikuwa akimpunguzia kidogo kidogo, maana kuacha ghafla huleta degedege na kuua. Kila Jumamosi adhuhuri Albina alivikata nusu kwa wembe, akavipanga kwenye kasha la siku saba.

Hospitali ikapiga simu: cha mwisho alimeza lini? Bila jibu wangetibu kwa kubahatisha.

Kwa kasha lile, ni jana usiku; kwa shaka Albina akalamba nusu ya Alhamisi. Dawa ile ni shubiri. Hii ilikuwa tamu, vitamini ya watoto. Kasha alilijaza yeye. Wa kwanza kushikwa angekuwa yeye.

Séphora, mdogo wake Mama Bulonza, aliyefika kutoka Buffalo Jumamosi jioni, akamsonta Bisimwa, mwana wa Mama Bulonza: analala kama gogo, si ndiye mwizi?

"Bon, mama mdogo, gogo gani linabeba maboksi ghalani usiku kucha?" Bisimwa alijibu. Tena tangu Jumamosi alfajiri hadi jana jioni alikuwa matangani Columbus.

Albina akahesabu kwa vidole. Bisimwa aliondoka kabla kasha halijajazwa. Mikono ya mama ilianza kutetemeka Jumatatu, naye hajarudi. Aliyekuwamo ni Séphora.

"Mama mdogo, sikuulizi nikufunge. Nakuuliza saa," Albina alimwambia Séphora.

Séphora alikitazama kiatu cha dada yake kilichobaki sakafuni. Mumewe, alisema, alimeza vidonge kama vile kule Buffalo, asiamke. Ndiyo maana vya dada yake akavimwaga chooni, akaweka vitamini, akafunga na kuomba, akingoja dada ashuhudie kanisani.

"Ile kutetemeka, nilisema ni pepo inatoka. Nikafurahi."

"Saa ngapi?"

"Jumamosi, saa mbili ya usiku. Mbele ya kumeza cha usiku ule."

"Basi cha mwisho ni Ijumaa usiku," Albina aliwaambia wa hospitali kwenye simu.

Wiki mbili baadaye Mama Bulonza aliketi mezani, amekonda, akimtazama mdogo wake ameshika wembe.

"Kata muzuri. Nilikimbia vita, nisikufe na maombi yako."

Séphora alikata. Akalamba unga uliobaki kidoleni. Mchungu. Ndipo akampa dada yake nusu ile.